Hulka ya Mtoto na Ufanisi Wake Shuleni: Suala la Mwanafunzi Mkimya katika Somo la Kiswahili

Utangulizi

Kila mwalimu aliyewahi kusimama mbele ya darasa anafahamu kwamba wanafunzi hawafanani kwa namna wanavyolipokea jambo jipya. Yupo anayelirukia kabla maelekezo hayajakamilika. Yupo anayelitazama kwa mbali, akalizunguka, akalikaribia siku ya tatu. Yupo pia anayelipinga kwa kelele, kisha akaliweza kuliko wenzake wote. Tofauti hizi hujitokeza mapema mno, tangu uchangani, kabla malezi hayajapata nafasi ya kuzifinyanga. Kiswahili kina neno linalozifaa barabara, nalo ni hulka.

Makala haya yanakusudia kujadili jinsi hulka ya mtoto inavyoathiri namna anavyoizoea shule na ufanisi anaoupata humo. Kwa kuwa mada yenyewe ni pana, nitajifunga zaidi kwa mtoto wa aina moja, mkimya, na kwa somo moja, Kiswahili. Dai langu ni kwamba ukimya wa mtoto huyu, ukitazamwa peke yake, si sifa wala si dosari. Huwa sifa au dosari kutegemea kile ambacho shule inakidai kwake, na dai hilo nchini Kenya limebadilika katika miaka michache iliyopita bila sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili kulitafakari vya kutosha.

Mwaka 2024 nilifundisha kwa mkataba katika shule moja ya sekondari ya msingi, Gredi ya Saba, darasa la wanafunzi 63. Miongoni mwao alikuwamo msichana ambaye muhula mzima wa kwanza sikuisikia sauti yake ila alipoitikia jina. Katika mada ya Kusikiliza na Kuzungumza nilimpa kiwango cha chini kabisa, 'mbali na matarajio', nikaona nimetenda haki, kwani ushahidi nilikuwa nao: kila nilipomwuliza swali alisimama, akatazama sakafu, akasubiri nimruhusu kuketi. Mama yake alipokuja siku ya wazazi na kuisoma ripoti hakulalamika. Aliniambia tu, "Mwalimu, huyu nyumbani hatusumbui. Kila mtu humsifu kwa haya yake." Nami nikamjibu, "Mama, hapa shuleni haya peke yake haitoshi." Jibu lile limenirudia mara nyingi, na kwa kiasi fulani ninayaandika makala haya ili nilikosoe.

Hulka, tabia na haya

Tuanze na maneno, kwa kuwa ndiyo zana zetu. Neno tabia lina asili ya Kiarabu, na huko lilikotoka maana yake ni maumbile. Mzizi wake unahusiana na kupiga muhuri au chapa, na ndio uliotupa pia neno matbaa. Hulka nayo imetokana na mzizi wenye maana ya kuumba, na ndugu yake katika Kiswahili ni halaiki. Silika vilevile ni neno la Kiarabu lenye kurejelea kile ambacho mtu anazaliwa nacho. Kwa asili, basi, maneno yote matatu yalikuwa yakitaja jambo ambalo mtu hakulichagua.

Kiswahili kimeyagawia kazi upya. Silika imeelekea upande wa misukumo ya asili, hata ya wanyama. Hulka imebaki na maana ya umbile la nafsi ya mtu. Tabia, kwa upande wake, imehamia katika mwenendo: tunasema tabia njema na tabia mbaya, tunamtaka mtu abadilishe tabia, tunamwadhibu kwa ajili ya tabia. Kuhama huku si kosa, kwani lugha huishi kwa kuhama. Hata hivyo kunaleta tatizo mwalimu anapoandika katika ripoti kwamba mtoto 'ana tabia ya kunyamaza'. Bila kukusudia, amekwisha kumhukumu. Amelitia jambo la maumbile katika kapu la makosa, pamoja na uchelewaji na utoro. Laiti angeandika 'ana hulka ya ukimya', mzazi angesoma taarifa, wala hangesoma mashtaka.

Neno la nne ni lile alilolitumia mama yule. Katika jamii ya Waswahili, na katika jamii nyingine nyingi za Kenya, kumwambia mtu kwamba hana haya ni kumvua nguo. Haya ni pambo. Ni tofauti na aibu, ambayo aghalabu hufuata kosa. Ni tofauti na woga, ambao huhitaji hatari. Ni tofauti hata na soni, ule uzito anaouhisi mtu macho ya wengi yanapomwelekea, ijapokuwa mtazamaji wa nje hawezi daima kuzitenganisha haya na soni. Mtoto anayeinamisha uso mbele ya mtu mzima nyumbani anasifiwa. Saa mbili baadaye anafanya hivyo hivyo mbele ya mwalimu, naye anaandikiwa kwamba hajiamini. Hakuna alichokibadilisha. Aliyebadilika ni mpimaji.

Methali zetu hazitusaidii kuamua, nami nadhani hazikukusudiwa kutuamulia. Mtoto wa nyoka ni nyoka, asema mmoja. Mwingine hujibu kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, akaongeza samaki mkunje angali mbichi. Kuhusu ukimya wenyewe, kimya kingi kina mshindo mkuu na debe tupu haliachi kuvuma zinasimama upande wa mtoto wetu, ilhali kuuliza si ujinga na mficha uchi hazai zinamlaumu. Wazee waliiona mizani ikipanda na kushuka kulingana na hali, wakaiachia kila hali methali yake.

Yaliyobainishwa na watafiti

Utafiti wa kisasa kuhusu hulka za watoto huanzishwa, katika vitabu vingi, na Alexander Thomas na Stella Chess, madaktari wa magonjwa ya akili waliokuwa mume na mke. Mwaka 1956, jijini New York, walianza kuwafuatilia watoto tangu wakiwa wachanga, 133 kwa jumla, na wakaendelea nao hadi utu uzima. Walizipambanua hulka kwa vigezo tisa, vikiwemo kiasi cha harakati za mtoto, utaratibu wa njaa na usingizi wake, iwapo hukikaribia au hukikwepa kitu kigeni, wepesi wake wa kuzoea, nguvu ya hisia zake na udumifu wake katika jambo. Kwa vigezo hivyo walipata takriban watoto 40 katika kila mia ambao walikuwa wepesi kulea, 10 waliokuwa wagumu, na 15 waliochelewa kuzoea. Waliosalia, takriban 35, hawakuingia katika kapu lolote. Hao wa mwisho husahaulika katika mihadhara, nao ni zaidi ya theluthi.

Mchango mkubwa wa wawili hawa, hata hivyo, haumo katika makundi hayo. Umo katika dhana ambayo nitaiita ulinganifu. Walishikilia kwamba hulka yoyote haimletei mtoto matatizo kwa nguvu zake yenyewe. Matatizo huzuka pale ambapo mazingira yanamdai kitu kisicholingana na hulka yake. Mtoto anayechelewa kuzoea, akipewa muda, huzoea. Akisukumwa, hujikunja zaidi.

Ushahidi wa kushangaza kuhusu dhana hii ulitoka hapa kwetu Afrika Mashariki. Wakati wa ukame wa mwaka 1974, daktari Marten deVries alikuwa akiwachunguza watoto wachanga wa Wamaasai kwa vigezo vya Thomas na Chess. Aliwateua kumi waliokuwa wepesi zaidi na kumi waliokuwa wagumu zaidi. Aliporejea miezi kadhaa baadaye, familia nyingi zilikuwa zimehama kutafuta malisho. Aliweza kuzipata familia saba za watoto wepesi na sita za watoto wagumu. Kati ya wale saba wapole, watano walikuwa wamefariki. Kati ya wale sita wasumbufu, alikuwa amefariki mmoja tu. Matokeo haya yalichapishwa mwaka 1984. Idadi ni ndogo, na msomaji makini asijenge nyumba nzima juu yake. Lakini funzo lake halikwepeki: mtoto ambaye daktari wa New York angemwita mgumu ndiye aliyelia hadi akanyonyeshwa wakati maziwa yalipokuwa haba, na yule ambaye angemwita mwepesi alinyamaza na njaa yake.

Katika muongo huo huo, Sara Harkness na Charles Super walikuwa Kokwet, kijiji cha Wakipsigis. Waliona kwamba mtoto asiye na utaratibu wa usingizi, ambaye kwa mzazi wa Marekani ni mateso, huko hakuwa tatizo hata kidogo. Alilala ubavuni mwa mama yake, akaamka, akanyonya, akalala tena. Mchana alibebwa mgongoni. Waliona pia kwamba wazazi waliutumia neno lao la akili, ng'om, kwa mtoto anayetumwa akatumika na anayeona kazi inayohitaji kufanywa kabla hajaambiwa, na waliutenganisha ujanja huo wa nyumbani na ule wa shuleni. Mwaka 2001 Elena Grigorenko na wenzake walichapisha utafiti kuhusu Wajaluo ambamo walieleza maneno manne yanayoizunguka dhana ya akili: rieko, luoro, paro na winjo. Luoro ni heshima na uwajibikaji. Winjo, neno lenye uhusiano na kusikia, ni ule uwezo wa kuelewa unaloelekezwa. Kwa hivyo mtoto anayesikiliza na kustahi ana hisa katika akili. Shule ndiyo inayodai kwamba akili ionekane mdomoni.

Mfano wa mwisho unatoka mbali, na ndio ninaoona unatuhusu zaidi. Xinyin Chen na wenzake walichunguza watoto wa shule za msingi jijini Shanghai, Uchina, katika miaka mitatu tofauti: 1990, 1998 na 2002. Mwaka 1990 watoto wenye soni walipendwa na wenzao, walipewa uongozi na walifanya vyema masomoni. Mwaka 1998 picha ilikuwa imechanganyika. Ilipofika 2002, watoto wa aina ile ile walikuwa wakikataliwa na wenzao, wakipata matatizo shuleni na wakionyesha huzuni. Katika miaka 12 hulka za watoto wa jiji haziwezi kuwa zimegeuka. Kilichogeuka ni jiji. Uchumi wa soko ulikuwa umeingia, na pamoja nao mahitaji ya kujitokeza, kujiuza na kuthubutu, na shule zikafuata.

Kutoka mtihani wa kalamu hadi tathmini ya ulimi

Sisi nasi tumekuwa na Shanghai yetu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulikipa Kiswahili hadhi ya somo la lazima na la kutahiniwa, jambo ambalo kizazi chetu cha wanafunzi wa Kiswahili kinalila matunda yake. Lakini tulitahini vipi? Katika KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mtahiniwa alijibu maswali 50 ya kuchagua kisha akaandika insha. Katika KCSE karatasi tatu zimekuwa za insha, matumizi ya lugha na fasihi, zote za kuandikwa. Hata fasihi simulizi, ambayo jina lake lenyewe ni ulimi, tumeitahini kwa kalamu. Mtoto angeweza kupita miaka kumi na miwili asitamke sentensi moja kamili ya Kiswahili mbele ya watu, na bado akapata alama ya A.

Mfumo huo ulikuwa kivuli cha mtoto mkimya. Baada ya elimu ya msingi kufanywa bila malipo mwaka 2003 na madarasa kufurika, alizidi kupendwa: mwalimu mwenye wanafunzi 80 humshukuru Mungu kwa kila anayenyamaza. Sisemi kwamba alinufaika kikweli. Alipata alama, na katika miaka hiyo alama ndizo zilizohesabiwa. Wapo wahitimu wa Kiswahili vyuoni, baadhi yao wakisoma makala haya, ambao hawajui sauti zao zinasikikaje ukumbini.

Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 umekigeuza kibao. Umilisi wa kimsingi umegawanywa mara saba, na wa kwanza kutajwa ni mawasiliano na ushirikiano. Katika Kiswahili, mada ya Kusikiliza na Kuzungumza ndiyo inayotangulia Kusoma na Kuandika. Mwanafunzi hufanya kazi katika vikundi, huwasilisha, huigiza, hujadili, naye hupimwa kwa viwango vinne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na kuwa mbali na matarajio. Mimi ni mmoja wa wanaounga mkono mabadiliko haya kwa upande wa lugha. Kumfundisha mtu lugha ya watu bila kumfundisha kuinena ni sawa na kumfundisha kuogelea kwa ubao na chaki. Swali langu ni moja tu: tunapompima mtoto kuzungumza, tunapima lugha yake au tunapima hulka yake?

Si swali la kubuni. Mwaka 2003 watafiti Crozier na Hostettler walichapisha uchunguzi wa msamiati wa watoto. Watoto wenye soni walipopimwa ana kwa ana na mtahini walipata alama za chini kuliko wenzao. Walipopimwa kwa maandishi, darasa zima likiwa pamoja, tofauti ile haikuonekana. Maneno walikuwa nayo. Kilichokuwa kikiyazuia ni macho ya mtahini. Mwalimu wa Kiswahili anayejaza jedwali la tathmini baada ya kumsimamisha mtoto mbele ya wanafunzi 63 yumo katika hali hiyo hiyo, na pengine mbaya zaidi.

Nilikuja kuligundua hilo kwa bahati. Siku moja katika muhula wa pili niliwapa swali la kusimulia tukio la safari. Zamu ya msichana yule ilipofika alisimama, akatazama sakafu kama kawaida yake, kisha akasema kwa sauti niliyolazimika kuinama ili niisikie, "Mwalimu, naweza kuandika?" Nilimruhusu kwa sababu muda ulikuwa unakwisha. Aliandika kurasa mbili kuhusu matatu iliyoharibika usiku, na ndani yake mlikuwa na mazungumzo ya abiria yaliyoandikwa kwa lahaja na mikato ya sauti ya kila mmoja. Mtoto huyu alikuwa akisikiliza. Mada inaitwa Kusikiliza na Kuzungumza, nami nilikuwa nimeipima nusu yake ya pili nikaihesabu kuwa yote.

Hata hivyo tujihadhari na kosa la upande wa pili. Si kila ukimya ni hulka. Yupo anayenyamaza kwa sababu hasikii vizuri, kwa sababu hajala, kwa sababu kuna jambo linalomtendekea nyumbani, au kwa sababu Kiswahili chenyewe ni lugha yake ya tatu. Kipimo rahisi ni kumtazama wakati wa mapumziko. Anayepiga gumzo kwa lugha ya mama na kunyamaza katika Kiswahili ana haja ya msamiati na mazoezi. Aliyekuwa mchangamfu Januari akanyamaza Mei ana haja ya kuulizwa kwa upole yaliyompata, na neno hulka lisitumike kumfunika.

Neno kuhusu mtundu

Nimemzungumzia mkimya, na huenda msomaji akauliza yu wapi mtukutu, yule machachari asiyekaa kitini. Historia yake ni kinyume. 8-4-4 ilimwadhibu. Viboko vilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakariri katazo hilo, lakini kila aliyesoma katika miaka hiyo anajua ni nani aliyeendelea kuvila. Vikundi, maigizo na miradi ya mtaala wa sasa vinampa mahali pa kuutumia mwendo wake. Anachohitaji ni kile ambacho Mary Rothbart alikichunguza kwa muda mrefu, yaani uwezo wa kujizuia na kuyaelekeza mawazo kwa hiari, ambao ni sehemu ya hulka lakini hukua kwa mazoezi, hasa katika miaka ya kabla ya shule na mwanzoni mwa shule. Mtundu mwenye uwezo huo hufaulu; asiye nao hutangatanga. Yeye anastahili makala yake mwenyewe.

Fasihi simulizi kama ngazi

Ni jambo gani linaloweza kufanywa? Liko moja dogo lisilohitaji fedha. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, aligundua kwamba walimu, baada ya kuuliza swali, husubiri takriban sekunde moja kabla ya kumwita mwingine au kujijibu wenyewe. Walipofunzwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi waliokuwa hawajibu wakaanza kujibu. Nimelijaribu. Sekunde tatu za kimya darasani ni ndefu kuliko zinavyosikika hapa, na wa kwanza kutaabika nazo ni mwalimu.

Lakini ninaloliona kuwa hazina yetu hasa ni fasihi simulizi, nami nashangaa kwamba tumeifundisha miaka yote hii kama orodha ya vipera na sifa zake bila kuona kwamba ni mtambo uliobuniwa na watu waliojua hulka hazifanani. Tazama kitendawili. Mtegaji hasemi neno lake mwenyewe. Husema neno moja ambalo kila mtu analijua, nao wote humjibu "tega!" Kabla hajatoa hata sentensi, hadhira imekwisha kumpokea. Hatimaye husema mafumbo yaliyokwisha kutungwa na wahenga, mafupi, yasiyomtaka afichue lolote la moyoni. Na jambo kuu zaidi ni utaratibu wa kushindwa. Mjibuji asiyejua hafedheheki. Hutoa mji, na mtegaji hufanya safari yake ya kubuni kabla ya kufichua jibu. Kushindwa kumewekewa mlango wa kutokea, na mlango huo ni mchezo. Linganisha na maswali yetu ya darasani, ambapo anayeshindwa husimama hadi mwingine apatie.

Ngano nazo zina "paukwa" na "pakawa", na mara nyingi zina wimbo unaorudiwa. Katika wimbo ule, mtoto mwenye soni huzungumza Kiswahili kwa sauti kubwa bila kusikika peke yake. Hiyo ni hatua ya kwanza. Kitendawili ni ya pili. Kusimulia ngano wawili wawili, kisha kikundini, ni ya tatu na ya nne. Maigizo humpa uso wa kuuvaa, na wengi wenye haya husema kwa kinywa cha mhusika mambo ambayo wasingeyasema kwa chao. Majigambo, malumbano ya utani na mdahalo huja mwisho, kwa kuwa vipera hivi humtaka mtu ajisimamishe mwenyewe na kuwakabili wengine. Ukivikagua vitabu na ratiba za shule zetu utaona kwamba mdahalo mara nyingi hutangulia, kwa sababu unafanana na kile tunachokiona bungeni na runingani kuwa ndiko kuzungumza. Tunamwanzishia mtoto kipandio cha juu, tena mbele ya umati, kisha tunaandika kwamba hana uwezo wa kupanda.

Sisi wa fasihi tuna hatia nyingine ndogo. Tumewazoeza wanafunzi kuorodhesha sifa za wahusika: mpole, mkimya, mwoga, mtiifu, alama mbili kila sifa, pamoja na mfano mmoja. Mhusika akiwa mkimya katika sura ya kwanza basi ni mkimya, yamekwisha. Hatuwaulizi ni mkimya mbele ya nani, wapi, na angekuwaje mahali pengine. Mwanafunzi aliyesoma riwaya kwa namna hiyo kwa miaka minne akawa mwalimu, sijui kwa nini tutarajie awasome watoto wa darasani mwake kwa namna nyingine. Mimi sikuwasoma hivyo.

Kuhusu jedwali la tathmini, ninapendekeza jambo lililo wazi: alama ya kuzungumza isitolewe kwa hali moja tu ya uzungumzaji. Mtoto asikilizwe akiwa na mwenzake mmoja, akiwa kikundini na akiwa mbele ya darasa, na mwalimu aandike ni katika hali ipi alichosikia. Usikilizaji upimwe kwa njia yake, mathalani kwa kumtaka mwanafunzi aandike au achore kile alichokisikia. Najua mwalimu mwenye wanafunzi 60 na masomo matano atanicheka. Nami nilikuwa naye mwenzangu chumba cha walimu aliyenicheka, kisha akaazima daftari langu aone nilivyolipanga. Inawezekana kwa wanafunzi sita kwa juma, na muhula una majuma ya kutosha kumfikia kila mmoja.

Katika muhula wa tatu nilianza kila kipindi cha Ijumaa kwa vitendawili. Wiki nne za kwanza msichana yule aliitikia tu pamoja na wengine. Wiki ya tano alimnong'oneza jirani yake kitendawili, jirani akakitega kwa niaba yake, na darasa likashindwa kukitegua. Wiki iliyofuata alisimama yeye mwenyewe. Sauti ilikuwa ile ile ya chini, lakini kwa kuwa kila mtu alitaka kusikia fumbo, darasa lilinyamaza kumngoja, jambo ambalo mimi sikuwahi kulipata kwa amri. Walijaribu mara saba wakashindwa. Wakampa Kisumu, akatikisa kichwa. Wakampa Mombasa, akaikataa. Mvulana mmoja wa nyuma, kwa kukata tamaa, akampa Nairobi yote na barabara zake, naye msichana akafikiri kidogo, akatazama sakafu, akasema, "Ongeza na Thika."